Mlio wa Darini Pale Satwa

Vijana wa idara ya sauti,

Mmenitaka niache maandishi kabla sijapanda ndege, na yule dada wa ofisini akasisitiza yawe ya kutia moyo. Nitajaribu, ingawa sijui kazi yetu inatiwa moyo kutokea wapi. Miaka yangu yote hapa Dubai nimesimama nje ya picha nimenyoosha mikono juu, nisipige chafya, nisikohoe, tumbo lisingurume. Ukiifanya kazi hiyo vizuri hakuna anayejua ulikuwepo. Mkitaka kuliona jina langu kwenye filamu yoyote, subirini mpaka watu wote watoke ukumbini na wafagiaji waingie.

Nilikuja nikiwa mlinzi, kama wengi wetu kutoka Kenya. Nilitoka Bungoma na cheti cha umeme, nikafika Al Qusais nikakabidhiwa kofia, redio ya mkononi na ghala la kulinda. Cheti nikakitia chini ya godoro. Ghala lenyewe lilikuwa la kampuni ya kupiga picha za matangazo: taa, nyaya, reli za kusukumia kamera, na viti vya kukunja ambavyo sikuwahi kuruhusiwa kukalia. Kila asubuhi alikuja mzee mmoja mwembamba, kofia ya kiua kichwani, akachukua masanduku yake mawili, akatia sahihi na kwenda zake. Siku moja akasimama mbele ya kiti changu.

"Hebu sikiza. Wasikia nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, Mzee, kumetulia.

"Miye naisikia feni yako, yataka mafuta. Nasikia lori linarudi nyuma kule barabarani. Na soli ya kiatu chako cha kushoto imeachia."

Nikainua mguu. Soli ilikuwa imeachia kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nayo tangu asubuhi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini kwa Maalim Hamadi. Alikuwa Mzanzibari wa zile familia zilizofika hapa zamani, watu walioyakuta majengo haya marefu yakiwa bado michanga mitupu, na Kiunguja chake kilikuwa hakijapata vumbi. Wote walimwita Maalim, Mhindi, Mfilipino na Mwarabu, ingawa sijawahi kumwona akimfundisha mtu mwingine isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao wenzangu walishaanza kuwafundisha wengine.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye villa kurekodi tangazo la mtindi. Maalim akaniambia jambo ambalo ninyi mnalifanya kila siku bila kujua limetoka wapi. Friji inavuma, kwa hiyo lazima uizime. Ukiizima utaisahau, na chakula cha watu kitaoza. Basi tia ufunguo wa gari lako ndani ya friji, huwezi kwenda nyumbani bila kuukumbuka. Nikamwambia sina gari. Akafikiri kidogo. "Basi tia kiatu." Nikatia kiatu. Madam mwenye villa akaja kuchukua maziwa, akakutana nacho, saizi kumi, soli imeachia, kimekaa kati ya jibini na zabibu. Maalim akamweleza kwa Kiarabu kizuri kwamba huo ni utaratibu wa kitaalamu.

Jambo la pili alilonifundisha siku hiyo ni nani anasema. Mnajua shoti ikiisha mwongozaji huuliza: kamera? Mkuu wa kamera anajibu. Sauti? Mkuu wa sauti anajibu, safi au turudie. Mshika fimbo, yule mwenye ule mti mrefu wenye maiki nchani, hana kauli. Akisikia kitu humnong'oneza mkuu wake, basi, na mkuu ndiye atakayelisema. Mbele ya watu wengine idara ni mdomo mmoja. "Lakini mie usinifiche," Maalim aliniambia. "Weye ndo sikio langu la pili. Ukisikia, nambie." Nikasema sawa. Nililelewa kuwaambia wakubwa sawa.

Tukafanya kazi miaka mingi. Matangazo ya magari, ya magorofa ambayo hayajajengwa, ya manukato, ambayo kwa sauti ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani kwa sababu manukato hayasemi lolote. Sitawachosha na hayo.

Niseme tu kwamba ilifika wakati nikaanza kugundua mambo. Taa fulani zikichoka hutoa mlio mwembamba, kama wa mbu. Zamani Maalim angeusikia akiwa mlangoni. Siku moja taa ililia mbele yake na yeye akaendelea kunywa kahawa. Nikaizungusha taa kidogo, ikanyamaza. Wiki nyingine kulikuwa na simu ya mtu inalia chini ya mto wa kochi, na Maalim akasema safi. Nikajifanya nimeteleza, tukarudia. Sauti nene alizisikia vizuri, magari, milango, maneno ya watu. Zile nyembamba za juu zilikuwa zimemtoka, na hakujua, maana mtu hawezi kukosa asichokisikia.

Nikawa nazishughulikia kimyakimya, nikajisifu moyoni kwamba ninamtunza. Na mwelewe kilichokuwa mezani. Umri wake ulikuwa umeshavuka ule ambao karatasi za ukaazi husainiwa bila maswali. Kampuni ilimwombea upya kila mara kwa sababu moja tu, masikio yake. Binti yake wa mwisho alikuwa chuoni hapa hapa, kwa karatasi za baba. Neno likitoka kwamba fundi wa sauti hasikii, khalas, familia nzima inafungasha virago. Mimi ndiye niliyelijua neno hilo peke yangu.

Ndipo ikaja filamu.

Filamu ya taharuki, ya kwanza na ya mwisho niliyofanya. Mwongozaji alikuwa Madam Rima, binti wa Beirut, mdogo, mkali, mwenye adabu. Onyesho la kwanza lilikuwa hivi: usiku, mwanamke anarudi nyumbani, anapita ukumbi mwembamba, mlango wa chumba uko wazi nusu, mezani kuna glasi ya chai inayotoa moshi, na mumewe hayupo. Hakuna maneno. Yote kwa shoti moja isiyokatwa. Tukapata fleti kuukuu Satwa, juu ya maduka ya mafundi cherehani, tukarekodi saa saba mchana mwezi wa Agosti.

Ndiyo, mchana. Usiku Satwa huwezi kurekodi, kelele zake hazina mfano. Saa ya jua kali ndiyo watu hujificha. Madirisha yakafunikwa vitambaa vyeusi, taa moja ikafungwa karatasi ya buluu ikawa mwezi. AC ikazimwa, kwa sababu yetu, na watu wote wakatutazama sisi wa sauti kwa macho ambayo mnayafahamu. Mwigizaji alikuwa ameamka na chokea jichoni, jicho limevimba, kwa hiyo Madam akaamua asionyeshwe uso. Ukumbi ulikuwa mwembamba, kamera na mguu wake haviingii, wakaishusha chini kwenye kigari kidogo, ikawa inafuata kandambili zake. Njeri wa vipodozi, dada wa Nakuru, akafuta jasho la mwigizaji mara tatu, halafu akakaa chini. "Mimi nimechoka," aliniambia. "Atoke jasho tu. Si anaogopa?"

Tukaanza. Mnajua sauti huanza kurekodi kabla ya kamera. Maalim amekaa jikoni na mashine yake, mimi nimebanwa nyuma ya mlango na fimbo. Tukasema tayari, chumba kikatulia kabisa, na katika ule utulivu nikasikia juu ya kichwa changu: tii.

Mlio mmoja, mwembamba, wa haraka. Kila baada ya muda mfupi, tena: tii. Kilikuwa kile kidude cheupe cha darini cha kunusa moshi, betri imekwisha. Mnavijua, viko kwenye kila fleti mjini hapa, na wapangaji huishi navyo vikilia mpaka wanahama.

Shoti ikaisha. "Sauti?" akauliza Madam.

"Safi," akasema Maalim.

Nikatazama kidude. Taa na simu niliziweza, hiki sikukiweza. Kilikuwa juu, na mlinzi wa jengo, Mganda, alishatuonya asubuhi: kimeungwa na jengo zima, ukikigusa king'ora kinalia na wapangaji wote wanashuka ngazi. Njia ilikuwa moja tu. Nitembee hatua sita mpaka jikoni, niiname, niseme: Maalim, kuna mlio, wewe huusikii. Hatua sita. Nilizihesabu baadaye.

Badala yake nikainua mkono nikasema samahani, Madam, fimbo yangu imetikisika. Tukarudia. Tii. "Safi." Samahani, Madam, nimekanyaga waya. Tukarudia. Tii. "Safi." Mara ya tatu nikasema nimebanwa na chafya. Madam Rima akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Maalim naye akanikazia macho kutoka jikoni. Alikuwa anaona haya kwa ajili yangu.

Nafikiri nilitegemea kidude kichoke. Hakikuchoka. Mara ya nne mwigizaji alitembea vile ambavyo hatatembea tena, mkono ukiutafuta ukuta, na kandambili moja ikamtoka mlangoni akaiacha. Madam hakupumua. Shoti ikaisha, akasema taratibu, "Hii ndiyo. Kamera?" Safi. "Sauti?"

"Safi," akasema Maalim, tena kwa furaha.

Nikanyamaza. Nilijiambia ninamstahi mzee wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wake nikimwambia, nikauita woga wangu adabu. Vitambaa vikashushwa, jua likaingia, yalla, yalla, tukabeba vitu.

Kwa wiki kadhaa nilingoja simu. Mhariri wa picha angefungua kazi, angesikia, angeuliza ni nani huyu aliyesema safi. Kila Maalim alipopokea simu, mimi nilisimama. Hatimaye ikapigwa tukiwa ghalani tunasafisha nyaya. Maalim akasikiliza, akatabasamu, akasema alhamdulillahi mara nyingi, akakata.

"Madam asema sauti ya mwanzo imewashinda akili. Asema hajapata kusikia kitu kile."

Nikasema mashallah.

Mhariri alikuwa amekuta rekodi yetu inaanza kabla ya picha, kama ilivyo desturi, na humo kwenye sehemu isiyo na picha kuna tii. Madam akaipenda. Filamu ikaanzia hapo: giza tupu, kimya, tii. Halafu ndipo picha inakuja, kandambili, ukumbi, na kila watazamaji wanapoanza kutulia, tii. Hakuna anayejua ni nini wala kinatoka wapi. Madam alidhani Maalim amekiacha makusudi, kwa sanaa. Maalim alidhani anasifiwa kwa utulivu wa chumba. Na mimi nilidhani Mungu amenisamehe, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Basi chuo kimoja cha filamu kikatualika, alasiri, tuzungumze na wanafunzi juu ya onyesho hilo. Tukakaa mbele, Madam Rima, mwalimu wao, Maalim, na mimi pembeni kwa sababu Maalim alikataa kwenda bila mimi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Mwalimu alieleza kwanza, na nilijifunza mengi. Kamera imeshushwa chini, alisema, ili tuione dunia kwa jicho la kitu kinachotambaa. Uso umefichwa ili hofu iwe yetu badala ya yake. Giza lile si la usiku wa kawaida, ni usiku wa ndani ya nafsi. Jasho la shingoni ni hatia. Nikawa naitikia kwa kichwa. Chokea, ukumbi mwembamba, saa saba mchana na AC iliyozimwa. Lakini sikumcheka, maana alichosema kilikuwa kweli pia. Ukiangalia picha ile hofu unaiona. Sisi tu ndio hatukujua tunaitengeneza.

"Sasa sauti," alisema, na akazima taa.

Ukumbi ukawa kimya. Giza kwenye skrini. Tii, na wanafunzi wote wakashtuka, msichana mmoja wa safu ya mbele akashika mkono wa mwenzake. Kisha wakacheka kwa kujionea haya.

Maalim akageuka kuwatazama.

Picha ikaja. Kandambili. Tii. Wakashtuka tena. Maalim hakuwa akiangalia filamu. Aliwaangalia wao, nyuso zao kwenye ule mwanga, jinsi zinavyoruka zote kwa pamoja kwa jambo ambalo yeye hakulipata. Mara ya tatu waliposhtuka akatazama saa yake. Akangoja. Waliposhtuka mara ya nne akatazama saa tena, kisha akaweka mikono yake miwili juu ya magoti. Nilitamani jengo liungue.

Taa zikawaka. Msichana wa mbele akasimama, ameshika daftari. Akauliza kwa heshima, Maalim aliuchaguaje ule mlio, na kwa nini aliuweka juu namna ile.

Maalim akaniinamia. "Mlio gani, Barasa?"

"Kidude cha moshi, Maalim. Darini. Betri ilikuwa imekwisha."

"Weye uliusikia?"

"Ndiyo."

"Mara zote nne?"

"Ndiyo, Maalim."

Akachukua maikrofoni. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, bila kupepesa: "Mimi sikuuchagua. Sikuusikia siku ile. Na sasa hivi mmeuweka, sikuusikia. Masikio yangu yamekwisha."

Wakacheka ukumbi mzima. Halafu wakapiga makofi, wakasimama. Madam Rima akampiga begani akifuta machozi ya kicheko. Mwalimu akawaambia wanafunzi waandike hilo: fundi mkubwa hujidogosha. Maalim akabaki ameshika maikrofoni, akiwatazama wanavyopiga makofi, na hapakuwa na mtu wa kumwamini isipokuwa mimi.

Wiki ile ile arbab, mwenye kampuni, alimpigia kumpa kazi nyingine mbili. Akakataa zote, akarudisha hedifoni kwenye sanduku lake, na karatasi zake zilipokwisha akarudi Unguja. Ofisi ilikubali kumchukulia binti yake karatasi mpaka amalize chuo, kwa heshima ya lile jina kubwa. Mimi nilikalia kiti cha Maalim. Mnaonilaumu kwamba nawaruhusu washika fimbo wanikatize mbele ya waongozaji, na kwamba idara yetu haina nidhamu, sasa mnajua sababu.

Lakini jioni ile ya chuoni bado tulikuwa wawili, tukapanda metro, laini ya kijani, kwenda Al Qusais. Tulipofika kituo cha tatu akanigeukia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka na nusu, Maalim."

"Mwaka na nusu miye nasema safi, na weye wanitazama."

"Sikutaka kukuvunjia heshima."

Akalirudia neno hilo peke yake, heshima, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ungalinambia, ningalikwenda kwa arbab kwa miguu yangu. Ningalimwambia mwenyewe, akanielewa. Leo nimesema kweli mbele ya watu mia, wamecheka. Nitaisema wapi tena?"

Nililia kidogo, nikiangalia dirishani, na yeye akaniacha nilie. Tulipokaribia kituo chetu akanigusa goti.

"Chaliaje?"

"Nini, Maalim?"

"Hicho kidude. Chaliaje?"

Nikakaza midomo nikatoa mlio, mwembamba kama nilivyousikia: tii. Mama mmoja wa Kifilipino akainua kichwa. Maalim akatikisa chake, hakupata kitu. Nikaushusha. Tii. Hapana. Nikaushusha tena, na tena, watu wakitutazama, mimi mtu mzima mwenye mvi nikilia ndani ya metro, mpaka ukawa mnene kama wa kondoo, na ndipo Maalim akainua kidole kimoja juu, kama alivyokuwa akifanya kazini akinasa jambo.

"Huo?"

"Huo, Maalim. Ila juu zaidi."

"Hebu rejea."

Nikarejea. Akasikiliza amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wangu. Akanitaka nirudie mara ya mwisho, nikarudia.

"Mbaya huo," akasema. "Ningeukataa."